Alama ya Kuuliza Mbele ya Herufi Mbili

Mama yangu anauza vitunguu katika soko la Chwele, na huwaambia wateja wake kwamba binti yake ni mkubwa wa kodi Bungoma mjini. "Anafanya kodi ya serikari," husema, na wachuuzi wenzake, ambao wana sababu zao za kuwaogopa watu wa kodi, huniamkia kwa heshima iliyopita kiasi nikienda kumtembelea. Nimeacha kumsahihisha. Kazi yangu kweli ni kodi, ila si ya pesa, na hospitali yenyewe si ya serikali. Nakaa nyuma ya dirisha la rekodi, nasoma alichoandika daktari kwenye faili, kisha naugeuza ugonjwa kuwa herufi moja na tarakimu chache. Vitabuni huitwa msimbo. Sisi tunaoifanya kazi hii tunasema kodi na tunaelewana.

Kila ugonjwa una kodi yake. Wangu mimi ulikuwa N70.0, yaani mirija ya uzazi na ovari kuvimba ghafla. Lakini miaka kumi na mmoja iliyopita niliandikiwa nyingine, na kwa hiyo nyingine nikapoteza nyumba, mume na jina zuri. Naandika haya nikiwa bado na hasira. Anayetafuta habari za kusamehe afunge hapa, akasome kitu kingine.

Wakati huo tulikuwa tunakaa Matisi, Kitale, mimi na mume wangu mwalimu, katika nyumba ya vyumba viwili. Nilikuwa nauza mbegu na dawa za mimea katika duka moja mjini. Ulikuwa msimu wa kupanda, wakulima wamejipanga mpaka barabarani wakitaka mahindi ya mbegu, nami nimeegemea magunia ya mbolea kwa sababu tumbo la chini lilikuwa linanikata. Siku ya tatu nikaanza kutetemeka kwa homa. Mwenye duka akaniambia, "Nenda hosi, mama, usije ukanifia hapa kwa wateja."

Hospitali niliyoenda ndimo alimofanya kazi wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu. Alikuwa upande wa rekodi. Sikuona ubaya, tena nilifurahi kidogo kwamba kuna mtu wetu mle ndani. Daktari alikuwa kijana mpole. Alinipima, akachukua majimaji kwa pamba, akaipeleka maabara, akasema jibu litatoka kesho, lakini dawa nianze leo. Fomu ya bima ya mwalimu ikapita dirishani kwa wifi, akaiandika kodi, akanirudishia. Nakumbuka alitabasamu. Kodi yenyewe ilisomeka A54.2, na kwangu mimi ilikuwa kama namba ya gari la mtu nisiyemjua.

Jumamosi hiyo tuliitwa Kamukuywa kwa mama mkwe. Nilidhani wananiita kunipa pole. Kulikuwa na kuku mezani, na vitambaa vyeupe vya kushonwa kwa mkono vimetandazwa kwenye viti kama siku ya wageni. Baada ya kula wifi akamwomba kaka yake ile fomu. Akaiweka juu ya meza, akaweka kidole chake kwenye ile herufi.

"Hii A hamsini na nne," akasema, "ni kisonono."

Mama mkwe akauliza, "Kisonono kinatoka wapi?"

"Si kinatoka kwa watu, mama."

Nilisema sijatembea na mtu. Nilisema mwalimu naye apimwe. Mume wangu aliangalia mifupa kwenye sahani yake, na tangu siku hiyo sijamwona akiangalia kitu kingine, kwa sababu ndivyo ninavyomkumbuka. Tulikuwa tumekaa miaka mitatu bila mtoto, na hilo nalo lilikuwa limekaa nasi pale mezani tangu tufike. Jumatatu vitu vyangu vilipakiwa kwenye pikapu iliyokuwa inaenda kuchukua kabeji Chwele. Mimi nilikaa mbele na dereva, ambaye alinihurumia asiniulize chochote njia nzima. Kabla ya kutoka Matisi niliiba kitu kimoja tu katika nyumba ile: nakala ya fomu. Niliitia kwenye bahasha ya kaki nikaificha ndani ya nguo.

Nikauza vitunguu na mama. Chwele siku ya soko watu hutoka kila upande, na habari hutoka pamoja nao. Wanawake waliokuwa hawanijui walinijua. Mmoja alitaka vitunguu vyake apimiwe kwa mkono wa mama, si kwa mkono wangu. Sijasahau uso wake wala kitenge alichovaa.

Watu wengi husomea kazi wapate riziki. Mimi nilisoma kwa hasira. Mama aliuza ng'ombe mmoja nikaenda chuo kusomea rekodi za afya, na aliponiuliza kwa nini si ualimu au ushonaji nilimwambia kuna karatasi nataka kujifunza kuisoma. Muhula wa pili tulifika sura ya magonjwa ya wanawake. Nikafungua kile kitabu kikubwa cha kodi penye N70, nikaona ugonjwa ulivyoelezwa, maumivu yangu yale yale yamewekwa kwa mstari mmoja. Chini yake kulikuwa na onyo kwamba kama chanzo ni kisonono, usiandike hapa, nenda kwenye A54.2. Basi kumbe ni ugonjwa uleule wenye milango miwili. Mlango mmoja unakuita mgonjwa, wa pili unakuita malaya. Na anayeamua uingie upi ni mtu aliyekaa dirishani na kalamu.

Nilipomaliza chuo nilirudi Kitale kuomba faili langu, kama mgonjwa yeyote anavyoruhusiwa. Nilichagua Ijumaa ambayo nilijua wifi yuko kwenye mazishi Kamukuywa. Msichana wa dirishani alinitolea bila maneno. Daktari yule mpole alikuwa ameandika vizuri tu: mirija na ovari zimevimba ghafla. Chini yake, kwa mkono mdogo, aliweka alama ya kuuliza, halafu herufi mbili, G na C. Hivyo ndivyo madaktari wanavyofupisha kisonono. Alama ya kuuliza mbele yake maana yake ni nashuku, sijui, nangoja maabara. Nikageuza karatasi. Nyuma, limebanwa kwa pini, kulikuwa na jibu la maabara la siku iliyofuata. Vijidudu vya kisonono havikuonekana.

Pini ilikuwa imeota kutu. Tangu siku ile hakuna aliyewahi kuligeuza jani lile.

Nilitoa nakala za kurasa hizo mbili, nikazitia kwenye ile bahasha, nikaenda choo cha hospitali nikalia kwa ghadhabu mpaka mtu akagonga mlango. Halafu nikanawa uso. Nikajiambia kutesa ni kwa zamu, na zamu yangu itafika hata kama itakuja kwa miguu.

Ilifika mwaka huu, Jumanne moja, saa nne asubuhi. Kwa wakati huo nilikuwa na miaka sita katika dirisha langu la Bungoma, na bahasha ilikuwa kwenye droo ya chini, maana siku zote nilihama nayo. Mwanamke aliyefunga kilemba cha bluu alipitisha faili na fomu ya bima chini ya kioo bila kuinua macho. Nilisoma jina kwanza. Nikalisoma tena. Nikaweka kalamu chini.

"Habari ya asubuhi," nikamwambia.

Akainua uso. "Wifi?"

"Ni mimi."

"Kumbe uko hapa! Si tulisikia ati ulienda Nairobi."

"Mlisikia vibaya. Na wewe mbona umetoka Kitale kuja kutibiwa huku?"

Alisogea karibu na kioo. Siku hizi yeye ndiye mkubwa wa rekodi kule, akasema, na wote wanaoshika faili ni watu wake. "Unajua vile watu wa rekodi wanaongea, wifi."

"Najua," nikasema. "Najua kabisa vile wanaongea."

Nikafungua faili. Daktari wetu alikuwa ameandika mirija na ovari zimevimba ghafla. Chini yake, alama ya kuuliza, G, C. Naapa sikuongeza wala kupunguza. Pamba ilikuwa imeshapelekwa maabara asubuhi hiyo. Nilitazama juu nikaona naye anaisoma karatasi ile kichwa chini miguu juu, jinsi sisi wote tunavyojifunza kusoma tukikaa dirishani, na nikaona ameiona.

"Utaandika ile ya N, si ndio?" akauliza polepole.

"Za N ni nyingi."

"Sabini, bana. Sabini sifuri."

"Lakini hapa kuna alama ya kuuliza."

"Hiyo si kitu. Hiyo ni mawazo ya daktari tu."

"Kwani kitabu kinasemaje? Kama daktari ameshuku, na hakuna habari zaidi, unaandika kana kwamba ni kweli. Ndivyo kitabu kinasema, ama nimesahau?"

Nyuma yake foleni ilikuwa imeanza kunung'unika. Mzee mmoja mwenye mguu wa plasta, ambaye alikuwa amesikia kodi hii na kodi ile kwa muda mrefu, akaingilia kati.

"Madam, hiyo kodi si umuripie tu, tuendelee? Sisi wengine tunaumwa."

Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka. Yeye hakucheka. Aliinama karibu na kile kitundu cha kioo akaniambia kwamba mume wake anakuja kumchukua saa kumi, na kwamba fomu ataibeba mwenyewe kupeleka ofisini kwao, na kuna karani huko anayezijua hizi herufi. Mume wake ni mzee wa kanisa. Si mtu wa kuuliza mara mbili. "Akiona ile ya A atanirudisha kwetu, wifi. Na umri huu wangu. Nitaenda wapi?"

"Mimi nilienda kwetu," nikasema. "Si kubaya. Kuna vitunguu."

Hilo neno nililiweka moyoni miaka kumi na mmoja bila kujua kwamba ndilo. Lilipotoka nilihisi utamu wake hadi kwenye meno.

"Tungoje maabara basi," nikamwambia. "Keti pale."

Akaketi kwenye benchi mkabala na dirisha langu. Nikawahudumia wengine. Malaria, kifua, mguu wa yule mzee. Kila nikiinua macho alikuwepo. Alikuwa ameweka kiganja chini ya tumbo, upande wa kulia, akiinama kidogo mbele, na mahali mkono unapokwenda katika ugonjwa ule hakuna asiyewahi kuugua anayepajua. Kwa dakika moja niliumwa pamoja naye. Nilitaka nimwite, nimletee chai. Kisha nikakumbuka kidole chake juu ya meza kule Kamukuywa, na ile huruma ikaondoka kama ilivyokuja.

Saa sita jibu la maabara likaletwa. Nililisoma nikiwa nimeligeuzia benchi mgongo. Vijidudu vya kisonono havikuonekana.

Sasa nieleze nilichofanya, kwa sababu sitaki kusifiwa kwa nisichofanya. Nililifunika kifudifudi juu ya meza, nikaliwekea stepla juu. Nikatoa chakula changu, chapati na maharagwe, nikala polepole nikimtazama. Saa saba akaja akauliza. Nikamwambia bado. Saa nane akaja tena.

"Bado?"

"Bado. Maabara ya hapa si kama ya kwenu."

Saa tisa hakuja, alinitazama tu, nami nikatikisa kichwa. Midomo yake ilikuwa inacheza, nadhani alikuwa anasali. Ni kosa, najua. Mkubwa wangu angejua ningeachishwa kazi, na angekuwa na haki. Sijutii. Kama nina majuto, ni kwamba yeye nilimngojesha kwa muda wa karibu saa nne na mimi nilingoja miaka kumi na mmoja, na hizo hesabu haziwezi kulingana hata ningemweka pale mpaka benchi lioze.

Saa kumi kasorobo nikamwita. Nikageuza jibu, nikalisukuma chini ya kioo. Alisoma, akashika ukingo wa dirisha kwa mikono yote miwili. Nikachukua fomu yake nikaandika, yeye akitazama kalamu: N70.0. Nikapiga muhuri. Sikumpa.

"Soma kwa Kiswahili," nikasema. "Kama ulivyonisomea mimi."

Alitazama nyuma. Walikuwa wamebaki watu watatu tu, na mama mmoja na mtoto wake mgongoni.

"Mirija na ovari zimevimba," akasoma, kwa sauti ndogo.

"Imetoka kwa watu?"

"Haijatoka kwa watu."

Nikafungua droo ya chini, nikatoa bahasha. Nilipanga karatasi zangu tatu mbele yake, fomu ya zamani, ukurasa wa daktari, jibu la maabara lenye alama ya pini kwenye kona. Alizitambua moja baada ya nyingine. Mwandiko wa A54.2 ulikuwa wake, na mtu haukatai mwandiko wake. Nilimwuliza kitu kimoja, kile ambacho nilikuwa nimekiuliza mbele ya kioo, njiani na kitandani miaka yote hiyo. Je, alifanya makusudi, au hakugeuza jani?

"Sikugeuza," akasema. "Tulikuwa na mafaili mengi siku hiyo. Jibu halikuwa limekuja. Nikaandika."

"Na lilipokuja?"

"Hakuna mtu anageuza, wifi. Wewe unajua kazi yetu."

Nilikuwa nimemtaka awe shetani. Kumbe alikuwa karani mwenye haraka, na hilo lilinikasirisha kuliko uchawi wowote. Nikampa kalamu. Katika kazi yetu kosa halifutwi, wala halipakwi rangi nyeupe. Unalipiga mstari mmoja, ili lililoandikwa kwanza lisomeke bado, unaandika lililo sahihi kando yake, unaweka sahihi na tarehe. Karatasi ile ilikuwa nakala tu, haina nguvu kwa mtu yeyote isipokuwa mimi. Hilo tulilijua sote wawili. Nikamwambia ile ya Kitale yenyewe ataipiga mstari kesho na kunitumia picha.

Alishika kalamu lakini hakuandika. Akaniangalia, mara ya kwanza siku hiyo bila woga, labda kwa sababu fomu yake ilikuwa imeshapigwa muhuri.

"Nikuambie ukweli?" akasema. "Kaka yangu alipimwa wiki ile ile. Mimi ndiye nilimpeleka. Hakuwa na kitu. Mama alijua."

Nikaisogeza ile fomu ya zamani karibu yake.

"Hata ningeandika sabini, wifi, wangekurudisha tu. Miaka mitatu bila mtoto. Walikuwa wanatafuta karatasi, basi. Mimi niliwapatia karatasi."

Nyuma yake yule mtoto wa mgongoni alianza kulia, mama yake akamtikisa. Alama ya kuuliza ambayo nilikuwa nimeisomea chuo, nikaihamisha kutoka droo hadi droo, haikuwa imenifukuza. Nilikuwa nimefukuzwa kabla daktari hajachovya pamba.

"Piga mstari," nikamwambia.

"Nimekuambia haikusaidii..."

"Nimesema piga."

Akapiga. Mstari mmoja, umenyooka, wa mtu aliyezoea. Akaandika N70.0 kando, akaweka sahihi na tarehe ya siku hiyo. Chini ya mstari ile A54.2 ilikuwa bado inasomeka vizuri.

Mume wake aliingia wakati huo, mzee mrefu mwenye koti, kofia mkononi. Alinisalimu kwa adabu bila kujua mimi ni nani. Nikampa fomu. Aliisoma kutoka juu mpaka chini, akaikunja mara mbili, akaitia kwenye mfuko wa ndani wa koti, kisha akamshika mkewe kiwiko kwa uangalifu kwa sababu aliona anaumwa.

"Twende nyumbani, mama watoto," akamwambia.

Wakaenda. Karatasi mbili, kodi ileile, siku ileile. Nikairudisha yangu kwenye bahasha, nikamwita yule mama na mtoto.